Kama ulishawahi kufundisha, usiishie kuwa mkalimani wa darasa

Swali ninaloulizwa sana na watu wetu huku Marekani, hasa wale waliokuwa walimu nyumbani, ni hili: hivi kufundisha watu wazima Kiingereza na kusoma na kuandika ni kazi ya mtu kuishi nayo au ni ya kujitolea tu Jumamosi? Mi nawajibu ni kazi kabisa, ina ngazi zake, ila hizo ngazi hazijapangwa kama za mwalimu wa shule ya msingi ambaye anajua akimaliza chuo anapangiwa kituo, huku nyingi inabidi uzitafute mwenyewe na hakuna wa kukuonyesha. Na kuna kitu kinaniuma sana kwenye hii kazi ndo maana nimekaa kuandika. Mtu anayejua Kiswahili akiingia kwenye haya madarasa anapewa kiti cha nyuma, kazi yake kumnong'oneza bibi fulani maana ya alichosema mwalimu, mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo, na hakuna anayemwambia kwamba angeweza kusimama pale mbele na kulipwa.

Nianze na wanafunzi maana wao ndo sababu ya yote. Kuanzia 2013 hivi Marekani ilianza kupokea Wakongo wengi, na mwaka wa bajeti wa 2016 Kongo ndo iliongoza kwa wakimbizi wote walioletwa, zaidi ya watu 16,000 mwaka mmoja. Wengi wametokea Nyarugusu pale Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996, wengine Nakivale na Kyangwali Uganda, wengine Kakuma, wengine Burundi na Rwanda. Wamefikia Lexington na Louisville kule Kentucky, Dayton, Des Moines, Boise, Phoenix, Houston. Nyumbani huyu anaongea Kibembe, yule Kifulero, yule Kinyamulenge, lakini wakikutana darasani kinachowaunganisha ni Kiswahili. Na kati yao kuna kundi kubwa la watu wazima, hasa kinamama, ambao hawakukaa darasani kabisa, au walikaa mwaka mmoja miwili vita vikawatoa. Mama wa miaka 50 anakwambia "mwalimu, miye sikusomaka", na hapo ndo kazi inaanza.

Sasa kumfundisha huyo mama Kiingereza si sawa na kumfundisha daktari kutoka Kinshasa ambaye tayari ana Kifaransa chake. Daktari anahitaji maneno na mazoezi basi. Mama anahitaji kwanza kujua kwamba haya maandishi yana sauti, kwamba tunaanza kushoto kwenda kulia, kwamba picha ya nyumba iliyochorwa kwenye karatasi inawakilisha nyumba (ndio, hata hilo linafundishwa, mtu asikudanganye kwamba kila mtu anazaliwa anasoma picha), kalamu inashikwaje, fomu ni kitu gani na kwa nini jina la ukoo linaandikwa peke yake. Kuna watafiti na walimu wa kundi hili hasa, wana jumuiya yao inaitwa LESLLA ilianzia Uholanzi 2005, na wanachosema siku zote ni kwamba mtu anajifunza kusoma mara moja tu, akishaweza katika lugha moja anaibeba hiyo akili kwenda lugha nyingine. Na lugha rahisi ya kuanzia ni ile anayoielewa.

Hapo sasa angalia mwalimu mwenye Kiswahili ana nini mkononi. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, ma me mi mo mu, ukishazijua silabi unasoma gazeti zima hata kama maneno mengine huyaelewi. Kiingereza herufi a peke yake kwenye cat, cake na car inatoa sauti tatu tofauti, mtu ambaye hajawahi kusoma chochote ukimwanzishia hapo unamwonea. Mi nikipata mwanafunzi wa namna hiyo namchukua wiki za mwanzo dakika kumi kumi tu, jina lake, majina ya watoto wake, maneno kama mama, maji, dawa, soko, tunayakata silabi tunayaunganisha. Programu nyingi hazina bajeti ya kufundisha kusoma kwa lugha ya mtu, lakini dakika kumi hazimpunguzii mtu chochote, na nimeona mara nyingi mtu aliyekuwa anakaa kimya miezi ghafla anasoma jina la mtaa barabarani. Mwalimu mwenzangu Mmarekani, mzuri tu, ana masta yake, hicho kitu hawezi kukifanya. Sisi tunaweza, tena bila kujikaza.

Na hii kwetu si ngeni. Tanzania mwaka 1970 Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mwaka uliofuata ikaja kampeni ya kufuta ujinga kwenye wilaya chache kwanza, Mafia na Ukerewe zikiwemo, halafu nchi nzima. Kila anayejua kusoma alimfundisha asiyejua, chini ya mwembe, kwenye ofisi ya chama, kiwandani baada ya kazi. Wazee wetu wengi walipita ngumbaru. Takwimu za serikali zinaonyesha wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima wakati wa sensa ya 1967, na kufikia 1986 wakabaki chini ya asilimia 10. Kwaiyo kama mama yako au wewe mwenyewe ulifundisha kisomo, au ulifanya kazi na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au chuo cha maendeleo ya wananchi, au ulifundisha watu wazima kambini, hiyo ni ekspiriensi ya kazi. Iandike! Nimeona rezume ya baba mmoja aliyefundisha Kiingereza kambini miaka mingi sana, madarasa ya jioni, watu wazima watupu, vitabu hakuna, ubao umepasuka, na kwenye rezume ameandika weahausi peke yake kwa sababu aliambiwa "kazi za Afrika hazihesabiki huku". Zinahesabika. Hiyo ya kufundisha watu wazima bila vitabu ni zaidi ya wanachokuwa nacho wengi wanaotoka vyuoni huku.

Haya, mfumo wenyewe. Madarasa mengi ya namna hii yanapata pesa ya serikali kuu kupitia sheria moja ya 2014 inaitwa WIOA, sehemu yake ya pili, zaidi ya dola milioni 700 kwa mwaka kwa nchi nzima, halafu majimbo yanaongeza ya kwao, mengine mengi mengine kiduchu. Anayeendesha madarasa anategemea na jimbo. Iowa ni vyuo vya jamii, Minnesota mara nyingi ni wilaya za shule, Ohio programu inaitwa Aspire na iko kwenye vyuo na vituo vya ufundi na sehemu nyingine. Kwaiyo ukitafuta kazi usiandike tu "mwalimu wa Kiingereza" ukategemea zote zitatokea, jua jimbo lako wanaiitaje hiyo programu. Wanafunzi wa Kiingereza wamegawanywa madaraja 6, kuanzia asiyejua kusoma mpaka wa juu kabisa, na wale wa elimu ya msingi nao wana madaraja 6 yao mpaka wafikie kufanya GED, mtihani wa kupata cheti kinacholingana na cha kumaliza sekondari. Mtu akiingia anapimwa kwa mtihani kama CASAS au BEST Plus, akisoma masaa kadhaa anapimwa tena, na programu inahukumiwa kwa wangapi wamepanda daraja. Ukiyajua haya kabla ya intavyu umeshawapita nusu ya waliokuja, niamini, maana bosi wa programu usiku halali anawaza hayo madaraja.

Mlango wa kuingilia kwa wengi ni kujitolea. Sipingi, ni mlango mzuri, ila uingie ukijua unatoka lini. Jipe muda, miezi sita tuseme, na kwenye hiyo miezi sita omba vitu: omba kuachiwa kundi dogo ulifundishe mwenyewe, omba mwalimu akukague ukiwa unafundisha akuandikie maoni, hudhuria semina zao (LINCS wana kozi za bure onlaini za walimu wa watu wazima, ni mtandao wa serikali kuu ya huku), na ukiondoka omba barua. Barua isiseme "alitusaidia sana, ni mtu mwema". Iseme alifundisha kundi la watu wangapi, daraja gani, masaa mangapi kwa wiki. Mimi kabla ya kupewa darasa langu nilikuwa naandika kwenye daftari kila siku nimefundisha nini na nani, na hilo daftari ndo nililolisoma kwenye intavyu walivyoniuliza mfano wa somo.

Baada ya hapo kuna kazi ya msaidizi wa darasa ya kulipwa, na kuna ualimu wa masaa. Hii ya masaa ndo wengi wetu tupo. Asubuhi masaa matatu kanisani, jioni masaa matatu chuoni, Jumamosi darasa la uraia. Unalipwa kwa saa za darasani na kidogo za kuandaa, bima ya afya hamna, kiangazi darasa likifungwa na mshahara umefungwa. Lazima niseme hili wazi kwa sababu kuna watu wanaacha kazi yenye bima kwa ajili ya kupenda kufundisha halafu mtoto anaumwa. Wizara ya kazi inaonyesha mshahara wa katikati kwa walimu wa watu wazima unakaribia dola 60,000 kwa mwaka, sikatai, lakini kazi nyingi kwenye hii fani ni za pati-taimu, kwaiyo hiyo namba usiibebe kichwani kama ndo utakayoanza nayo. Ushauri wangu ni kushika kazi nyingine yenye bima, hata kama ni ya shifti, na kufundisha jioni mpaka nafasi kamili ipatikane. Inachosha. Najua inavyochosha.

Makaratasi sasa, hapa watu wetu wanakwama sana. Karibu kila programu inataka digrii ya kwanza. Kama unayo ya Dodoma, Bukavu, Bujumbura, Makerere, popote, usiseme haina maana, ipeleke ikatathminiwe na moja ya kampuni zilizo chini ya NACES, WES ni mojawapo, wanakuandikia inalingana na nini huku. Shida ni kwa aliyekimbia vita na vyeti vimebaki kwenye nyumba iliyochomwa. Hapo andikia chuo mapema sana, tafuta ndugu aliyeko kule aende kwa miguu yake kwa msajili, maana barua pepe peke yake zinaweza kukaa. Na kama hata hilo halikuwezekana kaa na mshauri wa chuo cha jamii kilicho karibu nawe, kuna namna za kuanza upya kwa kutumia mitihani na kupewa kredit kwa unachokijua, si lazima uanze sifuri kabisa.

Leseni inategemea jimbo na msidanganyane kwenye makundi ya WhatsApp. Texas programu za watu wazima zinataka digrii, leseni ya ualimu hapana. California ukifundisha kwenye shule za watu wazima za wilaya unahitaji kibali chao maalum cha elimu ya watu wazima. Minnesota kwa kawaida wanataka leseni ya ualimu ya jimbo. Mtu wa Houston akimshauri mtu wa Minneapolis hapo ameshampoteza, pigia simu ofisi ya elimu ya watu wazima ya jimbo lako, wanapokea vizuri tu.

Halafu vyeti vya kufundisha Kiingereza. Kuna vya wikiendi vya onlaini vya dola hamsini, hivyo mi siwezi kukushauri, hakuna anayekuajiri kwa hicho. CELTA ya Cambridge ni ya masaa si chini ya 120 na ndani yake unafundisha wanafunzi wa kweli masaa 6 huku unaangaliwa, hiyo inakunoa kweli. Vyuo vya huku vina vyeti vya TESOL vya mwaka hivi, na vizuri zaidi ni vile ambavyo kredit zake zinahesabika ukiamua kuendelea na masta. Masta ndo inafungua chuo, maana kufundisha Kiingereza cha kredit kwenye chuo cha jamii mara nyingi bila masta huingii. Lakini usikimbilie masta kwa mkopo mkubwa kabla hujakaa darasani mwaka. Kuna wanaogundua katikati kwamba hii kazi hawaipendi, na deni tayari wanalo.

Ukishakaa miaka kadhaa njia zinagawanyika, na hapa ndo nataka watu wafumbue macho kwa sababu wengi wanafikiri juu ya mwalimu kuna mkurugenzi tu. Kuna mratibu wa programu, kuna mtu wa mitihani na takwimu (kazi haina kelele na mara nyingi ni ya muda kamili), kuna yule anayeitwa navigeta, kazi yake kumshika mkono mwanafunzi kutoka darasa la Kiingereza mpaka kwenye kozi ya uuguzi msaidizi au udereva wa malori au GED, na hii ya navigeta nadhani inawafaa sana watu wetu kwa sababu Mkongo aliyefika mwaka jana hamwamini mtu kwa sababu ya beji, anamwamini anayemwamkia vizuri na kumuuliza habari za watoto. Kuna madarasa yanayochanganya Kiingereza na ufundi, jimbo la Washington ndo walianzisha mfano unaojulikana, I-BEST, walimu wawili darasa moja, mmoja wa fani mmoja wa lugha. Kuna Kiingereza cha kazini, kampuni inamlipa mwalimu aje kiwandani dakika 45 kabla ya shifti kufundisha maneno ya usalama, na hapa malipo kwa saa huwa mazuri kuliko kanisani. Kuna magereza, watu wanaikwepa lakini ni ajira ya jimbo, ina bima na pensheni, na wanafunzi wake wanakuja kila siku, mwalimu yeyote wa watu wazima anajua hiyo ina thamani gani.

Halafu kuna kuhamia shule za watoto. Ukichukua leseni ukawa mwalimu wa Kiingereza kwa watoto wa wageni, mshahara unapanda na bima unapata, na wilaya nyingi zinatafuta watu wenye lugha. Wenzangu kadhaa wamehama na siwalaumu hata kidogo, wana nyumba za kulipia. Ila kila akiondoka mmoja mwenye Kiswahili, wale kinamama wa daraja la kwanza wanabaki na mkanda wa video na karatasi za kupaka rangi, na hilo linanisumbua. Ndo maana nasema programu ziache kututegemea kama watu wa kujitolea. Mkisema mnataka kufikia wasiojua kusoma, waajirini wanaojua kuwafundisha, kwa mkataba, na muwalipie masaa ya kuandaa somo.

GED nayo niiguse kidogo, maana kuna vijana wa miaka 20 na kitu waliofika wamechelewa shule na hawana pengine pa kwenda. Masomo 4, hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, yote kwenye kompyuta tangu 2014, na kufaulu ni alama 145 kila somo. Ipo kwa Kiingereza na Kihispania, Kiswahili hakuna. Mwalimu wa hesabu kutoka kwetu ana nafasi kubwa hapa, kwa sababu walimu wengi wa elimu ya watu wazima ni watu wa lugha na hesabu wanaiogopa. Kama wewe ni mwalimu wa hesabu na unadhani Kiingereza chako kina lafudhi, lafudhi haijawahi kumzuia mtu kufundisha sehemu na asilimia.

Hali ya sasa siwezi kuificha. Januari 2025 upokeaji wa wakimbizi ulisimamishwa, na kiwango cha mwaka wa bajeti 2026 kiliwekwa 7,500 tu. Julai 2025 ile pesa ya serikali kuu ya elimu ya watu wazima ilizuiliwa wiki kadhaa kabla ya kuachiwa, na kwenye hizo wiki kuna programu zilifunga madarasa na kuna walimu waliambiwa wakae nyumbani. Wizara ya kazi yenyewe inatabiri ajira kwenye hii fani zitapungua kwa zaidi ya asilimia 10 kwa miaka kumi. Kwaiyo mtu akiniuliza leo aache kila kitu aingie kwenye hii kazi namwambia hapana, usiache kila kitu. Lakini waliofika tayari bado wapo, mama aliyefika 2016 bado hajaweza kusoma barua ya shule ya mtoto wake, anataka uraia, anataka leseni ya gari, na mtihani wa uraia wenyewe kwa walioomba kuanzia Oktoba 20, 2025 umekuwa mrefu, unaulizwa maswali mpaka 20 ujibu 12, kutoka orodha ya 128. Zamani ilikuwa 6 kwa 10 kutoka orodha ya 100. Madarasa ya uraia yamejaa, na mengi yanaendeshwa na misikiti, makanisa na maktaba kwa pesa zao, kwaiyo msiangalie pesa ya serikali kuu peke yake.

Kitu cha mwisho ni muda. Mwaka wa bajeti wa majimbo mengi unaanza Julai 1, programu zinajua pesa yao kuanzia Mei hivi, na matangazo ya kazi yanajaa Mei mpaka Agosti. Tathmini ya digrii inaweza kuchukua wiki au miezi kutegemea chuo chako cha nyumbani kinajibu lini. Kwaiyo anayetaka darasa mwezi wa tisa aanze kuandikia chuo chake Novemba au Desemba, Januari mpaka Aprili ajitolee mahali na aombe hiyo barua niliyoisema, Mei aanze kuaplai. Na kwenye intavyu wakisema fundisha somo la dakika 15, fundisha daraja la chini kabisa, lile la asiyejua kusoma. Wengine wote wataonyesha sarufi.